Kilo zimekamatwa: namna ya kuandika habari ya heroini ukiwa Tanga

Vijana wanaokuja kujifunza kazi kwenye chumba chetu cha habari hapa Tanga wakishapangiwa zamu ya polisi na mahakama, hawachelewi kuniuliza: "Bi mkubwa, taarifa ya unga inaandikwaje?" Wameshaona inavyokwenda. Afande anasoma karatasi, meza imepangwa vifurushi, kamera zinapiga, wewe unanakili kilo na uraia wa watuhumiwa, saa saba mchana uko hewani. Wiki inayofuata msikilizaji wa Ngamiani anapiga simu: kama kilo zote hizo zimekamatwa, mbona pale maskani vijana bado wapo na kete, vile vipakiti vidogo vya unga, bado zinauzwa? Hapo ndipo unapoona kwamba ulichosoma hewani kilikuwa tangazo la ofisi.

Nayaandika haya kwa ajili ya hao vijana, lakini hata asiyeshika maikrofoni yatamfaa, maana taarifa hizi siku hizi zinazunguka kwenye makundi ya simu kuliko redioni.

Anza na mzani. Uliza kilo za kitu gani, kimoja kimoja. Taarifa zetu zina tabia ya kujumlisha: bangi, mirungi, heroini na methamfetamini vyote vinatiwa kwenye jumla moja, na ile jumla ndiyo inayopanda kichwani mwa habari. Magunia machache ya mirungi yanatosha kuifanya operesheni ionekane kubwa, ilhali kilo moja tu ya heroini ikishakatwa inatoa maelfu ya kete. Desemba 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, hii inayoitwa DCEA, ilitangaza kukamata kilo 3,182 katika operesheni za Dar es Salaam na Iringa. Ndani ya kilo hizo mlikuwa na heroini na methamfetamini. Mwandishi aliyesema "tani tatu za heroini" hakusikiliza sentensi hadi mwisho.

Swali la pili la mzani: je, uzito umepimwa pamoja na vifungashio? Nailoni, gundi na mabati vina uzito wake, na tofauti hiyo huja kujitokeza mahakamani, wakati wewe ulishasema yako zamani. La tatu: umethibitishwa na nani? Kile kipimo cha haraka wanachofanya askari eneo la tukio ni cha awali. Jibu lenye nguvu kisheria linatoka Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Mpaka ripoti ile itoke, andika "unga unaodhaniwa kuwa heroini". Ofisa mmoja alishawahi kuninunia kwa neno "unaodhaniwa", eti namtilia shaka. Nilimjibu kwamba hati yake ya mashtaka nayo itasubiri mkemia, kwa hiyo tungoje wote.

Ukishajua mzani, geukia shamba. Hapa wengi huruka, wanaona Afghanistan ni mbali. Lakini huwezi kueleza kwa nini unga unaongezeka au unapungua Tanga kama hujui mpopi unavunwa lini. Heroini inatokana na afyuni, ule utomvu wa tunda la mpopi. Kwa hesabu ya kawaida inahitajika takriban kilo 10 za afyuni kupata kilo moja ya heroini. Kusini mwa Afghanistan, Helmand na majirani zake, mpopi hupandwa zaidi Oktoba na Novemba, kisha uvunaji unaanza kuanzia Aprili hivi. Sasa tazama: Taliban walitangaza marufuku ya kilimo hicho Aprili 2022, mavuno ya mwaka ule yakiwa yameshafika. Kwa hiyo mwaka 2022 wenyewe hukuona kitu. Kishindo kilikuja mwaka uliofuata. Ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia dawa za kulevya na uhalifu ilikadiria mashamba yameporomoka kutoka hekta 233,000 mwaka 2022 hadi hekta 10,800 mwaka 2023, na afyuni kutoka tani 6,200 hadi tani 333. Mwaka 2024 mashamba yakapanda kidogo, hekta 12,800, na afyuni tani 433.

Kijana akisoma namba hizo anakimbilia kuandika "heroini imekwisha duniani". Mwambie akae chini. Afyuni kavu hutunzika kama ng'onda: mkulima na mfanyabiashara mkubwa wanaweka ghalani, wanasubiri bei. Na bei ilipanda kwelikweli. Kabla ya marufuku kilo ya afyuni kavu ilizoea kuwa kama dola 100 za Marekani kwa mkulima. Nusu ya kwanza ya mwaka 2024 ilikuwa kama dola 730. Mwenye akiba alitajirika, na akiba ile ndiyo iliyoendelea kulisha njia za magendo. Tena hii si mara ya kwanza. Taliban walipiga marufuku mwaka 2000, mavuno ya 2001 yakashuka mpaka tani 185 hivi, utawala wao ukaanguka mwishoni mwa mwaka huohuo na mashamba yakarudi msimu uliofuata. Kwa hiyo habari ya shamba ipe miaka, usiipe wiki.

Utasikia pia kwamba Myanmar sasa ndiyo inayoongoza kwa afyuni. Ni kweli, tangu 2023, ilipokadiriwa kuzalisha tani 1,080. Lakini unga wa Myanmar soko lake kubwa ni Asia ya Mashariki, Kusini-Mashariki na Australia. Unaoteremka pwani yetu asili yake ni Afghanistan. Usibandike Myanmar kwenye habari ya Tanga kwa sababu tu umeisoma jana.

Njia ya baharini nitaikalia zaidi, kwa kuwa sisi tunaishi mdomoni mwake. Mzigo unatoka Afghanistan hadi pwani ya Makran, ule ukanda wa Iran na Pakistan unaotazama Bahari ya Arabu. Hapo unapakiwa kwenye majahazi ya injini, mengi hayana bendera wala usajili, yanateremka kusini. Mara nyingi jahazi lenyewe halisogei ufukweni. Linabaki nje, boti ndogo ndizo zinazofuata mzigo. Wataalamu wanaiita njia ya kusini, na ilianza kuonekana wazi kwetu karibu na mwaka 2010. Andika kwenye daftari lako ili uwe na kipimo: Machi 2010 zilikamatwa kilo 95 mkoani Tanga, Januari 2012 Lindi zikakamatwa zaidi ya kilo 200. Ukiletewa taarifa ya leo, ilinganishe na hizo kabla hujaandika "kiasi kikubwa kuliko vyote".

Halafu jifunze pepo. Mwandishi wa Tanga asiyejua kaskazi na kusi ni kama amekuja jana. Kaskazi, kuanzia Desemba hivi mpaka Machi, huleta vyombo kutoka kule juu, na bahari inasafirika. Kusi likishakaza, Juni mpaka Agosti, bahari ya Arabu inachafuka na majahazi ya Makran mengi yanatia nanga kwao. Kwa hiyo mwezi una maana. Kuna mwaka tulipewa taarifa katikati ya kusi kwamba mzigo "umeshushwa usiku wa kuamkia leo kutoka jahazini". Nikaenda Deep Sea, pale sokoni, mapema, wakati samaki wanapigiwa mnada. Nikamwendea nahodha mmoja mzee.

"Shikamoo ami."

"Marahaba mwanangu."

Nikamuuliza hali ya bahari juzi na jana. Akacheka. "Mwanangu, siku tatu hizi hata ngalawa ya Sahare haijatoka. Huyo jahazi aliyemleta jini gani?"

Nilirudi kwa ofisa, nikauliza swali dogo tu: mzigo ulishuka siku ile ya ukamataji, au ulikuwa nchi kavu tangu zamani? Ulikuwa umeshakaa nchi kavu. Habari ikabadilika kabisa, kwa sababu mzigo uliokaa maana yake kuna nyumba, kuna mlinzi, kuna gari, na hayo ndiyo maswali ya siku ya pili.

Angalizo hapo: yule ami sikumtaja jina hewani, wala kijiji chake, wala sikurekodi sauti yake. Mvuvi anakwambia hali ya upepo. Hakuajiriwa kuwa mpelelezi. Usimuulize nani alipita usiku. Na usiende mikokoni usiku na simu yako eti unachunguza. Vilevile usikipake matope kijiji kizima. Bandari bubu zetu, kuanzia Mkinga mpaka Pangani, zinapitisha abiria, sukari, saruji, mafuta ya kula na mbuzi wa sikukuu kila siku ya Mungu. Ukiandika "kijiji cha unga", mchana wa kesho wanaokaguliwa ni akina mama wa mwani.

Kuna jambo jingine la baharini linalowachanganya wasikilizaji: meli za kivita. Utasoma kwamba meli ya nchi fulani imekamata tani ya heroini karibu na Afrika Mashariki, kisha husikii kesi. Aprili 2014 meli ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata kilo 1,032 za heroini kwenye jahazi nje ya pwani ya Kenya. Ilikuwa katika kikosi cha pamoja cha majini kinachodoria bahari hii. Meli za namna hiyo zinaruhusiwa kukagua chombo kisicho na bendera kwenye bahari kuu, lakini kumkamata baharia, kumpeleka mahakama ya nchi gani, na kwa sheria ipi, hapo pana mgogoro. Ndiyo maana mara nyingi wanachukua sampuli, wanateketeza mzigo, wanawaachia mabaharia na jahazi lao. Linganisha na miezi mitatu baadaye, Julai 2014, pale Mombasa, kilipokamatwa chombo kingine chenye heroini. Chombo kilikuwa ndani ya maji ya Kenya, mabaharia wakashtakiwa, na Agosti mwaka huo serikali ya Kenya ikakilipua chombo chenyewe baharini. Kwa hiyo andika daima: imekamatwa wapi, ndani ya maili 12 za bahari ya nchi au nje yake? Jibu hilo linamwambia msikilizaji kama atarajie mahakama au asitarajie.

Sasa ile simu ya msikilizaji wa Ngamiani. Kilo zikiongezeka kwenye taarifa, zinaweza kuwa na maana mbili zinazopingana: unga unaingia mwingi zaidi, au wakamataji wamepata taarifa nzuri zaidi. Kwa kilo peke yake huwezi kujua ipi. Nenda upande wa pili, kwa watumiaji. Uliza kama kete imepanda bei, imepungua ukubwa, au imechanganywa mno. Bei ikibaki palepale baada ya ukamataji mkubwa, soko halikutikisika. Ikipanda na watu wakaanza kulalamika arosto, yale maumivu ya kukosa unga, pana upungufu.

Sehemu nzuri ya kusikia hayo bila kumsumbua mtu mtaani ni kwa wahudumu wa kliniki ya methadoni, dawa ya kunywa wanayopewa waraibu badala ya heroini. Tanzania ilianza huduma hiyo Muhimbili mwaka 2011, na leo Tanga tunayo hospitali ya Bombo; Bagamoyo nako ipo. Omba ruhusa kwa uongozi, kaa pembeni, tazama dirisha la dawa asubuhi. Mtu anakuja, anataja namba yake, anamiminiwa dawa kwenye kikombe kidogo cha plastiki, anakunywa hapohapo mbele ya muuguzi, kisha lazima aseme neno, hata "ahsante", ili ionekane ameimeza. Kila siku, Jumapili na Idi. Muuguzi aliyekaa dirishani miaka miwili anajua soko la unga kuliko sisi wote: wageni wakiongezeka ghafla anajua kuna kitu. Usipige picha foleni. Hata migongo. Mji wetu mdogo, mtu anatambulika kwa kanzu yake.

Na ukipata uhakika kwamba unga umeadimika, usiishie kusherehekea. Heroini ikikosekana wengine hugeukia vidonge, na wanaoacha kwa muda, gerezani au soba, zile nyumba za kuwasaidia waraibu kuacha, miili yao inapoteza uzoefu. Wakirudia kipimo kilekile cha zamani wanaweza kufa usiku huohuo. Kiweke hicho ndani ya habari, ni sentensi mbili tu.

Mahakamani ndipo habari nyingi zinapokufa. Ofisi za habari zinapenda siku ya meza na vifurushi, hazipendi miezi ya "upelelezi haujakamilika". Jua sheria kwanza. Tunatumia Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, iliyorekebishwa 2017. Kusafirisha heroini zaidi ya gramu 200, hukumu ni kifungo cha maisha. Gramu 200 au pungufu, miaka 30. Unaona sasa kwa nini nilikusumbua na vifungashio. Kwenye mzigo wa kilo 50 uzito wa nailoni ni mdogo. Kwenye mzigo wa gramu 210, nailoni ni maisha ya mtu.

Kesi kubwa huanzia mahakama ya chini isiyo na mamlaka ya kuisikiliza, ndiyo maana mshtakiwa anaambiwa asijibu kitu. Usiandike "alikaa kimya" kana kwamba ana hatia. Ni utaratibu. Baadaye inakwenda Mahakama Kuu, na hapo vuta kiti karibu, maana kinachoshindaniwa mara nyingi ni safari ya kifurushi. Fuata mkono kwa mkono. Nani alikikuta? Hati ya ukamataji ilijazwa palepale au kituoni? Shahidi huru alikuwepo, balozi au jirani, naye alisaini? Kilifungwa na kutiwa lakiri saa ngapi, mbele ya nani? Mtunza vielelezo alikiandika kwenye rejista tarehe ipi, alikitoa tarehe ipi kwenda kwa mkemia, kikarudi kikiwa na alama ileile? Namba kwenye bahasha inalingana na namba kwenye ripoti? Mimi huchora mstari kwenye ukurasa, kila shahidi akishuka kizimbani naongeza kituo kimoja. Palipo na pengo, mwanasheria wa utetezi naye ameliona, amini usiamini. Rufaa nyingi za dawa za kulevya zimeshinda kwenye mapengo hayo, na mtaani watu wakasema jaji kahongwa, kwa sababu hakuna mwandishi aliyewaeleza kuhusu rejista.

Ukisikia vielelezo vimeteketezwa, uliza amri ilitolewa na mahakama ipi, na nani walishuhudia. Zoezi kama hilo limefanyika mara kadhaa kwenye tanuri la kiwanda cha saruji Wazo, Dar es Salaam, mbele ya maofisa na waandishi. Uliza kama unga wenyewe ulipimwa tena kabla ya kuingia motoni. Mezani zilikuwa kilo ngapi, tanurini zimeingia ngapi? Swali hili halipendwi. Liulize kwa adabu.

Nikupe mfano wa kuandika. Tuseme umepewa hii: "Jeshi limefanikiwa kuwanasa vigogo wa unga wakiwa na kilo 30 za heroini na bangi." Mimi ningeisoma hivi: "Watu watatu wanashikiliwa mkoani Tanga wakituhumiwa kukutwa na kilo nne za unga unaodhaniwa kuwa heroini pamoja na kilo 26 za bangi. Uzito huo ni pamoja na vifungashio. Sampuli zinasubiri uchunguzi wa Mkemia Mkuu. Mamlaka hazijasema mzigo uliingia lini wala kwa njia gani." Hiyo sentensi ya mwisho usiione aibu. Inamfanya msemaji akupigie mwenyewe. Neno "vigogo" limeondoka, kwa sababu kigogo halali chumba cha kupanga akiwa na kilo nne. Mara nyingi huyo ni punda tu, amelipwa kubeba.

Msikilizaji akikupigia na majina ya wauzaji wa mtaani kwake, usiyaandike popote, wala usiyatume kwenye kundi la ofisi. Mpe namba 119 ya DCEA, ni bure, apige mwenyewe. Na akiwa ni mzazi anamlilia mwanawe, mwelekeze Bombo kabla ya kumwelekeza polisi.

Mwisho wa kazi, fungua faili. Kila ukamataji uwe na ukurasa wake: tarehe, mahali, kilo za kila aina, namba ya kesi, jina la mahakama, tarehe ya kutajwa. Juni 26, siku ya kimataifa ya kupiga vita dawa za kulevya, ripoti za mwaka hutoka na kila mtu anatangaza namba. Siku hiyo toa faili lako, hesabu ngapi zilifika hukumu. Kesi ikiahirishwa, andika tarehe ya kurudi kwa wino mwekundu, na tarehe ikifika nenda, hata kama mhariri amekupangia uzinduzi wa choo cha shule.